Ndovu wa Watalii na Ndovu wa Shambani

Usiku wa manane madebe yalilia upande wa chini wa shamba. Nilikuwa juu ya dungu, hapa kijijini Makwasinyi, chini ya mlima Kasigau. Nikawasha kurunzi, nikapiga kelele pamoja na majirani mpaka ndovu wakaondoka. Kulipokucha mahindi yaliyokaribia kukomaa yalikuwa yamelala chini. Nikakumbuka kwamba usiku huo huo, humu humu Taita Taveta, kuna watu waliokesha wakiwatazama ndovu, tena wamelipa fedha nyingi kwa starehe hiyo.

Msomaji, biashara hii ya wageni haikuanza jana. Zamani, reli ya Mombasa ilipokwisha kupita Voi, garimoshi halikuwa na behewa la chakula. Abiria walishuka Voi wakala chajio katika nyumba ya wageni ya reli, kisha wakaendelea na safari. Mwaka 1948 ikatangazwa mbuga ya Tsavo, ambayo leo, Mashariki na Magharibi, imechukua zaidi ya nusu ya ardhi ya Taita Taveta. Mwaka 1962 ikafunguliwa Kilaguni, hoteli ya kwanza ndani ya mbuga ya taifa nchini Kenya. Zikafuata nyingine, na katika miaka ya 1970 ikajengwa Salt Lick, ambayo vyumba vyake vimeinuliwa juu ya nguzo, penye maji wanayokunywa ndovu.

Nilipoiona Salt Lick mara ya kwanza nilicheka. Nikamwambia mwenzangu, "Kumbe watalii nao wana dungu!" Tofauti ni moja tu: wao humwomba ndovu aje, sisi humwomba aende.

Sizipingi hoteli. Vijana wetu wamepata humo kazi za upishi, udereva na kuongoza wageni, na karo za wadogo zao zimelipwa. Hapa Kasigau nasi tumejaribu njia yetu, tukajenga banda za wageni zilizo mali ya wanakijiji. Mgeni hupanda mlima na kijana wa hapa, hula ugali wetu, na fedha yake hubaki kijijini. Si nyingi, lakini mgeni aliyekula nasi huuliza pia habari za shamba.

Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 inatambua fidia ya mazao yaliyoharibiwa. Hiyo ni haki, si hisani. Hata hivyo fidia hufuata hasara, na watoto hula kila siku. Ndovu huyu hulala mbugani, hulipiwa hotelini, na chakula chake hukitafuta kwangu. Anayefaidi kwa kumwonyesha hana budi kusaidia kumlisha.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni amekuja, yapata miaka mia moja na zaidi sasa. Mwenyeji angali dunguni.