Tusikie sauti ya pili: kuchagua spika ndogo za nyumbani bila kupoteza akiba



Mama mmoja wa kanisa letu aliimba katika kwaya kwa miaka mingi, upande wa sauti ya pili. Sasa miguu haimruhusu tena kupanda mlima kwenda ibadani. Watoto wake waliweka akiba kwa miezi kadhaa, kisha wakatuomba tuwasindikize sokoni, ili mama apate kusikiliza nyimbo za kwaya akiwa nyumbani. Tuliwasindikiza, na tuliwashauri vibaya. Tulichagua sanduku kubwa lenye taa za rangi na maandishi ya wati elfu kadhaa. Lilipowashwa, ngoma na gitaa la besi vilitikisa ukuta wa mbao. Mama alisikiliza wimbo mzima, kisha akauliza: “Sauti ya pili iko wapi?” Hatukuwa na jibu.

Sanduku lile liliuzwa tena kwa hasara. Kwa pesa iliyobaki tulipata spika mbili ndogo zilizotumika, zile ambazo wengi wetu tunaziita bafle, pamoja na ampli ndogo. Sasa mama anasikia sauti zote nne. Kwa kuwa jamaa nyingi zinatuuliza swali hilohilo, tumeona vema kuandika hapa yale tuliyojifunza, ili akiba ya mwingine isipotee kama ile.

Tunasema juu ya spika za kusikiliza nyumbani tu. Spika za kanisani au za uwanjani zina kazi nyingine, nazo hatuzigusi leo.

Ukubwa si uzuri

Katika miaka ya 1970, BBC, shirika la utangazaji la Uingereza, lilihitaji spika za kuweka ndani ya magari yake ya kurekodia nje ya studio. Nafasi ilikuwa ndogo, na fundi alitakiwa kusikia maneno ya msemaji kwa usahihi. Wahandisi wake walitengeneza spika iliyoitwa LS3/5A. Urefu wake ni kama sentimita 30, upana 19, na kina 16 hivi. Haikuweza kupiga kelele nyingi wala kutoa besi ya kutikisa, lakini sauti ya mtu ilitoka safi sana, na hata leo kuna watu wanaoitafuta.

Hatusemi mnunue hiyo, maana bei yake iko mbali na mifuko yetu. Tunaitaja kwa sababu inaonyesha kwamba spika ndogo inaweza kusema ukweli kuliko sanduku kubwa. Ukiwa na chumba kidogo na mtakaa karibu nazo, spika mbili zenye urefu wa sentimita 25 mpaka 35 zinatosha kabisa.

Angalia uso wake. Spika nzuri ya aina hii huwa na sehemu mbili: koni ya chini yenye upana wa inchi 4 mpaka 6 na nusu kwa sauti nene na za katikati, na kispika kidogo cha juu kwa sauti nyembamba. Hicho kidogo ndicho kinachotuletea herufi kama “s” na “f”. Kikifa, maneno yanakuwa kama ya mtu anayesema akiwa amefunikwa blanketi.

Wati zinazodanganya

Maandishi ya wati 3000 au 5000 juu ya kisanduku cha bei ndogo yasiwavute. Mara nyingi pembeni utaona herufi PMPO. Hicho ni kipimo cha kufurahisha macho, hakisemi kitu ambacho unaweza kukitegemea. Tafuta herufi RMS, maana hizo ndizo hueleza nguvu ambayo mashine inaweza kuitoa mfululizo. Njia nyingine ni kugeuza mashine na kusoma umeme inaoula: kama kibao cha nyuma kinasema inakula wati 40, haiwezi kutoa 3000 kwenye spika.

Tena hamhitaji nguvu nyingi. Katika chumba cha kawaida, usikilizaji wa kadiri hutumia wati moja hivi, au hata chini yake, na zaidi kidogo pale waimbaji wanapopandisha sauti. Ili sikio lione kwamba sauti imekuwa mara mbili, nguvu inapaswa kuongezwa kama mara kumi. Kwa hiyo ampli ya wati 20 na ile ya wati 30 zinakaribia kulingana masikioni. Usiongeze pesa kwa ajili ya tofauti hiyo.

Namba yenye faida zaidi ni desibeli zilizoandikwa nyuma ya spika au katika karatasi yake. Zinaonyesha spika inatoa sauti kiasi gani ikipewa wati moja, ukiisikiliza kwa umbali wa mita moja. Spika ya desibeli 88 inahitaji nusu tu ya nguvu inayohitajiwa na spika ya 85 kwa sauti ileile. Kwa jamaa inayotumia batri na paneli ya jua, nusu hiyo ni kitu.

Angalia pia namba ya omu: 4, 6 au 8. Ampli nayo huandikwa omu inazovumilia. Spika ya omu 4 kwenye ampli iliyoandikwa 8 tu inaweza kuichosha mpaka iungue.

Yenye ampli ndani, au isiyo nayo?

Kuna spika zenye ampli ndani. Unazichomeka kwenye umeme, unaunganisha simu kwa waya au kwa Bluetooth, kazi imeisha. Ni rahisi, na zinafaa kwa mzee asiyependa waya nyingi. Shida ni kwamba ampli ikifa, spika zote mbili zinanyamaza, na fundi wa mtaani mara nyingi hana vipande vyake.

Nyingine hazina kitu ndani zaidi ya koni na waya, nazo zinahitaji ampli ya pembeni. Spika za namna hiyo zinaweza kudumu miaka mingi. Ampli ikiharibika unabadilisha ampli peke yake. Kwa mtu anayenunua vitu vilivyotumika, sisi tunapendelea njia hii. Kama jamaa imeweka dola 100, sehemu kubwa iende kwenye spika, maana ndizo zinazoamua sauti. Ampli iwe ndogo, na simu mliyo nayo itoshe kwa kupiga nyimbo.

Wanaotumia jua wafikiri hesabu hii. Mashine inayokula wati 10 kwa saa 4 imemaliza watisaa 40. Batri ndogo ya volti 12 na ampea 7 hubeba watisaa 84 hivi, na batri ya risasi haipendi kushushwa chini ya nusu. Maana yake batri hiyo itatosha jioni moja, kisha ingoje jua. Ampli kubwa za zamani hula umeme mwingi hata zikipigwa kwa sauti ya chini, na kibadilisha-umeme nacho hula sehemu yake. Kuna ampli ndogo za kisasa zinazounganishwa moja kwa moja kwenye volti 12, na hizo ndizo zinazofaa nyumba ya jua.

Sokoni: macho, vidole, masikio

Vitu vilivyotumika hutufikia kutoka nchi nyingi. Kwanza soma volti kwenye kibao cha nyuma. Mashine iliyotengenezwa kwa ajili ya Japani huandikwa volti 100, ya Marekani volti 120, na umeme wetu ni 220. Kama haina swichi ya kubadilisha volti, ukiichomeka itaungua palepale. Jambo hili linahusu ampli na spika zenye ampli ndani. Spika zisizo na ampli hazina shida hiyo.

Pili, ondoa kitambaa cha mbele na uangalie ukingo unaoshika koni. Ukiwa wa mpira laini, vema. Ukiwa wa sponji, uguse polepole: sponji ya zamani huoza, na ikianza kumeguka kama makombo ya mkate, spika hiyo imekwisha isipokuwa ukipata fundi wa kuibadilisha.

Tatu, weka vidole pande mbili za koni, usukume ndani taratibu. Ikirudi bila mkwaruzo, ni nzima. Ukisikia kitu kinasugua, iache. Usiguse kamwe kile kispika kidogo cha juu, maana kinabonyea upesi.

Nne, sikiliza kila spika peke yake. Kunja karatasi iwe kama bomba, weka upande mmoja sikioni na mwingine mbele ya kile kidogo. Kama hakitoi kitu, au kinakwaruza, umejua. Muuzaji akikataa kuwasha, usinunue, hata kama bei ni tamu.

Tano, na hili ndilo kubwa: nenda na wimbo wako mwenyewe. Muuzaji atapiga muziki wenye besi nyingi, kwa sauti ya juu, kwa sababu kelele hufanya kila spika ionekane nzuri. Wewe chukua simu yenye wimbo wa kwaya unaoujua vizuri, uliorekodiwa kwa usafi, pamoja na mtu mmoja anayesoma au kuzungumza. Omba sauti ishushwe mpaka mnaweza kuongea bila kupaza. Kisha ujiulize mambo matatu. Je, ninaelewa kila neno? Je, ninaweza kufuata sauti ya pili kutoka mwanzo mpaka mwisho, bila ya kwanza kuifunika? Je, msomaji anasikika kama mtu, au kama mtu aliye ndani ya pipa? Spika inayojibu vema kwa sauti ya chini itafanya vema nyumbani. Ile inayohitaji kelele ili ipendeze, mtaichoka kwa wiki moja.

Mkumbuke kwamba wimbo uliorekodiwa vibaya kwa simu, ukatumwa mara nyingi kutoka mtu hadi mtu, hautatengenezwa na spika yoyote. Ombeni kwaya iwape rekodi ya kwanza kwenye flashi.

Nyumbani: mahali pa kuziweka

Nusu ya uzuri wa spika iko katika mahali pake, na hiyo ni bure. Ziweke mbili kwa umbali wa mita moja na nusu au mbili, nawe ukae umbali uleule kutoka kila moja, iwe kama mafiga matatu. Kile kispika kidogo kiwe kwenye kimo cha masikio yako ukiwa umeketi. Usiziweke sakafuni wala kwenye pembe za ukuta, maana huko besi huvimba na kufunika maneno. Zisogeze mbele kidogo kutoka ukutani, uone tofauti.

Katika nyumba za mbao, kama nyingi za Goma, meza na kuta hutetemeka pamoja na spika. Weka kipande cha godoro la zamani au kitambaa kilichokunjwa chini ya kila moja. Katika nyumba ya simenti isiyo na kitu, sauti hugonga kuta na kurudi. Pazia, mkeka na viti vyenye mito vitaipunguza.

Unganisha waya kwa uangalifu: nyekundu ya ampli kwenye nyekundu ya spika, nyeusi kwenye nyeusi, pande zote mbili. Upande mmoja ukigeuzwa, besi hupotea na sauti ya mwimbaji haionekani inatoka wapi. Zikiunganishwa sawa, mtu anayezungumza atasikika kama amesimama katikati, pasipo na spika.

Sauti ya kadiri

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asipite desibeli 80 kwa saa 40 katika wiki, na mtoto 75. Hatuna vipimo nyumbani, lakini kuna alama rahisi: ikibidi upaze sauti ili aliye karibu nawe akusikie, punguza. Sikio likiisha kuharibiwa na kelele halirudi. Tena viwanja vyetu vimebanana, na jirani aliye mgonjwa au mtoto anayejiandaa kwa mtihani hakuchagua wimbo wetu.

Hatimaye, msiende sokoni peke yenu. Katika kila kwaya kuna mtu mwenye sikio zuri, na katika kila mtaa kuna fundi mwaminifu. Waombeni wawasindikize, mlipe nauli yao, na msione haya kurudi nyumbani mikono mitupu kama hamjasikia mnachotafuta. Sisi tuliona haya siku ile, muuzaji akiwa ameisha kufunga sanduku lake kwa kamba, na haya hiyo ilikula akiba ya miezi kadhaa ya watoto wa mama.