Kauli ya Askari: Kutoka Amri hadi Ombi

Makala haya yanachunguza jinsi umbo la kitenzi linavyoweza kuchochea au kupoza ugomvi baina ya askari polisi na raia nchini Kenya.

Tuchukue tendo moja: kudai kitambulisho barabarani. Askari aweza kusema, "Toa kitambulisho!", au, "Utoe kitambulisho", au, "Mzee, naomba unionyeshe kitambulisho, tunamtafuta mtu aliyepita hapa." Haja ni ile ile, ila uzito haulingani. Amri kavu humwachia raia njia mbili tu, kutii au kukaidi. Na mbele ya watu, kutii huko huonekana kuwa ni kudhalilika. Umbo lenye kiishio -e, likitanguliwa na ombi na kufuatwa na sababu, humfungulia njia ya tatu: kukubali bila kuvunjiwa heshima.

Jambo hili si la adabu pekee. Kifungu cha 49 cha Katiba ya 2010 kinaagiza mkamatwa aelezwe mara moja, kwa lugha anayoielewa, sababu ya kukamatwa kwake.

Hata hivyo, amri ina mahali pake. Penye hatari ya ghafla, "Lala chini!" huokoa roho. Kosa ni kukichukua Kiswahili cha gwaride hadi sokoni. Yafaa basi askari wafundishwe daraja hizi za kauli, pamoja na kiimbo na kusikiliza, ili "Utumishi kwa Wote", maneno yaliyomo katika nembo yao, yasikike pia vinywani mwao.