Je, Wajua? Barafu ya Kilimanjaro Hutoweka Bila Kuyeyuka

Shuleni tunafundishwa kwamba barafu huyeyuka kwa nyuzi 0 za Selsiasi ikawa maji, nayo maji huchemka kwa nyuzi 100 yakawa mvuke. Kileleni Kilimanjaro, mita 5,895 juu ya usawa wa bahari, mambo hubadilika. Kanieneo ya hewa huko ni takriban nusu ya ile ya pwani, hivyo maji huchemka kwa nyuzi kama 81 tu.

La ajabu zaidi ni barafu yenyewe. Kwa kuwa hewa ni baridi na kavu, na jua ni kali, sehemu kubwa ya barafu hugeuka mvuke moja kwa moja bila kupitia hali ya kimiminika. Mabadiliko hayo huhitaji nishati zaidi ya mara 8 ya ile ya kuiyeyusha.

Kati ya 1912 na 2011, mlima ulipoteza zaidi ya asilimia 80 ya eneo la barafu yake. Hata hivyo, mito yake hutegemea zaidi mvua inayonyesha kwenye msitu wa mlimani kuliko barafu hiyo. Tuutunze msitu huo.