Mwenye Ufunguo wa Daftari

Kuanzia mwezi Machi hadi Oktoba 2018, serikali ya Uganda, ikishirikiana na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, iliendesha kazi kubwa ya kuwahakiki wakimbizi wote nchini. Kazi hiyo ilifika hata Nakivale, makazi yaliyomo katika wilaya ya Isingiro, kusini-mashariki ya Mbarara na karibu na mpaka wa Tanzania. Watu kutoka Kongo, Burundi, Somalia, Rwanda na kwingineko walijipanga mstari, wakaweka vidole juu ya mtambo, kisha wakatazama kioo kilichopiga picha ya mboni za macho yao.

Sababu ya kazi hiyo yafahamika. Mapema mwaka huo zilizuka tuhuma kwamba hesabu za wakimbizi zilitiwa chumvi ili misaada iibwe, na maafisa kadhaa wakasimamishwa kazi. Uhakiki ulipokwisha, wakimbizi waliokuwa wakitajwa kuwa kiasi cha milioni 1.4 walionekana kuwa kiasi cha milioni 1.1. Tangu hapo, mkimbizi aliyekwenda kupokea chakula au fedha za msaada alitambulishwa kwa kidole chake. Hapana mtu mwenye nia njema atakayelaumu juhudi za kukomesha wizi wa chakula cha wanyonge.

Hata hivyo, kila daftari linapofunguliwa huzaliwa swali jingine, nalo ni hili: ni nani mwenye ufunguo wake? Swali hilo lawahusu askari wa jeshi na wa polisi kwa namna ya pekee, kwa kuwa wao ndio wanaolinda malango, ndio wanaokagua vitambulisho barabarani, na ndio wanaoitwa pale daftari linapoibwa au kutumiwa vibaya.

Yafaa kwanza kueleza safari ya alama ya kidole. Mtambo hauweki picha tu. Huigeuza alama ile kuwa tarakimu, na tarakimu hizo husafirishwa hadi kwenye hazina ya kumbukumbu. Mfumo unaotumiwa na Shirika la Wakimbizi ulitengenezwa kwa ushirikiano na kampuni kubwa ya Accenture, na hazina yake kuu iliwekwa Geneva, Uswisi. Kwa hiyo mama aliyeweka kidole Nakivale aliacha sehemu ya nafsi yake katika nchi ambayo huenda hataiona maishani. Neno la siri likiibwa, mwenyewe hulibadili siku ile ile. Kidole kikiibwa hakibadilishwi.

Historia ya Nakivale yenyewe inatoa onyo. Makazi hayo yalianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1950, na miongoni mwa watu wa kwanza kuhifadhiwa huko ni wakimbizi wa Rwanda. Katika nchi hiyo, miaka ya 1930, utawala wa Kibelgiji ulikuwa umetoa vitambulisho vilivyoandikwa kabila la kila mtu. Makarani walioandika neno lile waliona kuwa ni kazi ya ofisi tu. Miaka sitini baadaye, mwaka 1994, wauaji walisimama kwenye vizuizi vya barabarani, wakadai vitambulisho vile vile, na neno moja likatosha kumtenga wa kufa na wa kupita. Daftari huishi kuliko nia ya aliyelifungua.

Wala mambo hayo si ya zamani tu. Mwaka 2021 shirika la kutetea haki za binadamu la Human Rights Watch lilieleza kwamba habari za wakimbizi wa Kirohingya zilizokusanywa nchini Bangladesh zilipelekwa kwa serikali ya Myanmar, yaani serikali ile ile waliyoikimbia, bila ya wengi wao kuelezwa waziwazi. Mwezi Januari 2022 Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ikatangaza kwamba wavamizi wameingia katika kompyuta zake na kuzifikia habari za watu zaidi ya 515,000, wakiwemo waliopotezana na jamaa zao kwa sababu ya vita. Wavamizi hao walipita katika ufa mmoja wa programu ambao haukuzibwa kwa wakati.

Kando ya daftari la serikali na la mashirika, lipo daftari la tatu, nalo ni simu ya mkononi. Mwezi Agosti 2019 Tume ya Mawasiliano ya Uganda iliruhusu wakimbizi kusajili laini za simu kwa hati zao za ukimbizi, jambo lililowafaa sana, maana bila laini hakuna kupokea fedha kwa simu. Lakini simu ya kisasa haipeleki maneno tu. Programu nyingi zinazotolewa bure na makampuni makubwa ya ng'ambo huandika mahali mwenye simu alipo, watu anaozungumza nao na mambo anayoyatafuta. Makampuni hayo hupata mapato yao kwa kuwauzia wafanyabiashara nafasi ya kutangaza bidhaa mbele ya macho ya mtu waliyekwisha kumchunguza. Kinachoitwa bure kimelipiwa kwa siri za mtumiaji.

Askari asidhani kwamba jambo hilo linawahusu raia peke yao. Mwezi Novemba 2017 kampuni ya Strava ilitoa ramani ya dunia iliyoonyesha njia walizopita watu wanaopima mazoezi yao kwa simu na saa za mkononi. Januari 2018 mwanafunzi mmoja wa Australia aligundua kwamba katika sehemu za Afghanistan na Syria, ambako wenyeji hawakuwa na vifaa hivyo, mistari iliyong'aa ilikuwa ni njia za askari wa kigeni waliokimbia mchakamchaka ndani ya kambi zao. Hapana jasusi aliyetumwa. Askari wenyewe walichora ramani ya kambi kwa mikono yao, na kampuni ikaitangaza.

Nguvu ya makampuni hayo ilidhihirika pia Uganda mwezi Januari 2021. Siku chache kabla ya uchaguzi mkuu, Facebook ilifunga akaunti ilizosema zinahusiana na Wizara ya Habari na Mawasiliano. Serikali nayo ikaifungia Facebook, na baadaye intaneti yote ikazimwa kwa siku kadhaa. Yeyote atakayepewa haki katika ugomvi ule, mwenye duka wa Mbarara aliyetafuta wateja kwa njia ya mtandao hakuulizwa na upande wowote. Fahali wawili wakipigana, ziumiazo ni nyasi.

Je, iko njia nyingine? Njia mojawapo ni programu huria. Wazo hilo lilitangazwa na Mmarekani Richard Stallman mwaka 1983, na maana yake ni kwamba mtumiaji anayo ruhusa ya kuitumia programu atakavyo, kuisoma jinsi ilivyoandikwa, kuirekebisha, na kuwagawia wenzake. Askari ataelewa upesi. Kuruta hufundishwa kuifungua bunduki yake, kuisafisha na kuiunga tena. Ni jeshi gani litakalokubali silaha ambayo fundi wa kiwandani peke yake ndiye anayeruhusiwa kuifungua? Lakini ofisi nyingi zimekubali programu za namna hiyo, na kuzikabidhi siri za watu.

Afrika Mashariki imekwisha kuonja matunda ya njia hiyo. OpenMRS, programu huria ya kutunza kumbukumbu za wagonjwa, ilianza kutumika Eldoret, Kenya, mwaka 2006, na juu ya msingi wake Uganda imejenga mfumo wake uitwao UgandaEMR. Kijana anayesomea kompyuta katika Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, kilichoanzishwa mwaka 1989, anaweza kuisoma programu hiyo neno kwa neno na kuonyesha kasoro zake. Hata hivyo uhuria peke yake si ngao. Programu isiyotunzwa huvamiwa, iwe ya wazi au ya kufungwa.

Ndiyo maana sheria inahitajika. Ibara ya 27 ya Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inalinda faragha ya mtu, na Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inataka mtu aelezwe sababu ya habari zake kukusanywa. Kampuni inayovunja sheria hiyo yaweza kutozwa hadi asilimia 2 ya mapato yake ya mwaka. Mwezi Julai 2025 ofisi inayosimamia sheria hiyo iliamua kwamba hata Google inabanwa nayo, ikaiamuru ijiandikishe. Ni kweli kwamba sheria inaruhusu habari zikusanywe bila idhini kwa ajili ya usalama wa taifa na upelelezi wa makosa. Lakini ruhusa hiyo ni ya kazi, si ya udadisi wala ya biashara.

Kwa hiyo wajibu wa askari ni dhahiri. Asipige picha hati ya mkimbizi kwa simu yake mwenyewe na kuisambaza kwa wenzake. Asimlazimishe mtu kufungua simu pasipo mamlaka ya kisheria. Asiache daftari la kituo wazi mbele ya wapita njia, wala asivae lindoni kifaa kinachotangaza mahali alipo. Mkimbizi wa Nakivale aliikimbia serikali au genge lililomjua kwa jina, na usalama wake unategemea jina hilo lisiwafikie tena. Askari aliyepewa lindo la ghala la silaha hampi mtu ufunguo kwa sababu ni rafiki yake. Daftari la majina ya watu linastahili lindo hilo hilo.