Waya au Nailoni? Kipande Kidogo Kinachookoa Mshipi



Vikundi vingi vya kujisaidia hapa Eastlands vina wanachama ambao kwao ni Pwani au Nyanza. Mtu anaishi Kayole au Jericho, lakini mashua iko Shimoni ama Mbita, na anayekwenda nayo majini ni ndugu yake. Kikundi kinachanga pesa, zamu ikifika vifaa vinanunuliwa Nairobi na kutumwa nyumbani. Wiki mbili baadaye simu inapigwa: vyambo vimeisha, samaki wamekata.

Hapo ndipo maneno huanza. Ati huyo ndugu ni mzembe. Ati pengine ameviuza. Kabla ya kuvunja undugu na kikundi, tuangalie kitu kimoja: kati ya mshipi na ndoana kulifungwa nini? Mara nyingi hakuna mwizi. Kilichokosekana ni kipande cha mbele.

KIPANDE CHA MBELE NI NINI?

Tunazungumza juu ya kurambaza, yaani kuvuta mshipi nyuma ya chombo kinapokwenda, kwa tanga au kwa injini. Mshipi mrefu hautoshi peke yake. Mwisho wake hufungwa kiungo kidogo kinachozunguka ili mshipi usijisokote, halafu kipande kifupi cha waya au cha nailoni nene, halafu chambo na ndoana. Kipande hicho ndicho kinachokutana na meno ya samaki. Bei yake ni ndogo kuliko ya chambo cha bandia, lakini kikikatika, chambo kimekwenda. Na samaki anakwenda na ndoana mdomoni, pengine akafie mbali bila faida kwa mtu.

ANGALIA MDOMO KWANZA

Watu wengi huuliza dukani, "Gani ni bei rahisi?" Swali la kwanza linafaa kuwa, "Tunamvua samaki gani?" Meno ya samaki ndiyo yanayochagua kati ya waya na nailoni.

Nguru ana meno bapa yenye makali kama wembe. Nailoni, hata ikiwa nene, anaweza kuikata kwa mara moja. Mzia naye ni hivyo hivyo. Kwa hawa tumia waya wa chuma kisichoshika kutu, unene wa nusu milimita hivi. Waya wa uzi mmoja ni mwembamba na hauonekani sana majini, lakini ukikunjika mara moja utavunjika papo hapo kwenye kunjo. Waya uliosukwa kwa nyuzi nyingi ni laini na haukunjiki upesi, ila nyuzi zake hukatika moja moja.

Jodari hana meno ya kukata, na macho yake ni makali. Akiona waya anaweza kukiacha chambo. Kwake weka nailoni nene, milimita 1 hadi 1.5.

Mbuta wa Ziwa Victoria, ambaye ndugu zetu wa Tanzania humwita sangara, hakati kama wembe. Ana meno madogo mengi yanayokwaruza kama msasa, na vifuniko vya mashavu yake vina ncha kali. Mshipi mwembamba husagika polepole mpaka uachie samaki akiwa karibu na mashua. Nailoni ya milimita 1 au zaidi inatosha, lakini ipapase kila baada ya samaki. Ukisikia mikwaruzo, kata sehemu hiyo utupe.

Kuna pia uzi uitwao flurokaboni. Ni mgumu kuliko nailoni ya kawaida na hauonekani sana majini, lakini bei yake iko juu. Huko Marekani na Kanada kuna samaki wa maziwa aitwaye muskellunge, mwenye meno makali sana. Wanaorambaza kumtafuta hubishana swali hili hili letu: wengine hushika waya wa chuma, wengine flurokaboni nene sana. Kwa kikundi chenye pesa kidogo, waya kwa nguru na nailoni kwa mbuta ni mwanzo mzuri.

UREFU UWE NGAPI?

Kanuni ni hii: kipande kiwe kirefu kuliko sehemu ya samaki inayoweza kuuharibu mshipi.

Kwa nguru adui ni mdomo. Waya wa nusu mita hadi mita 1 unatosha. Ukiwa mfupi kama kiganja, nguru anayekimeza chambo chote ataufikia mshipi juu yake. Ukizidi sana, ni mzigo: chambo hakichezi vizuri, na waya hukunjamana unapouvuta ndani.

Kwa mbuta, mita 1 hadi 1.5. Hujigeuza na kuruka akitikisa kichwa, na mshipi hupita juu ya mashavu yale yenye ncha.

Kwa jodari, mita 2 au 3, kwa sababu mkia wake hupiga mshipi anapozama. Kwa nduaro na sulisuli, mita 3 hadi 5 za nailoni nene, kwa maana mdomo mrefu kama upanga na mwili wote husugua mshipi.

Jambo lingine: kipande cha mbele kiwe na nguvu kuliko mshipi wenyewe. Kikiwa dhaifu kuliko mshipi, hapo ndipo patakatika.

KUFUNGA

Waya wa uzi mmoja haufungwi fundo. Upitishe kwenye tundu la ndoana, urudishe, halafu zisokote sehemu zote mbili pamoja mara sita au saba, kila moja ikipita juu ya mwenzake. Sokota mbili pamoja. Usizungushe mmoja tu juu ya mwingine, kwa maana utateleza. Malizia kwa mizunguko minne iliyobanana. Ncha inayobaki usiikate kwa koleo. Ikunje mbele na nyuma mpaka ivunjike yenyewe. Ukiikata kwa koleo inabaki na ncha ya kuchana mikono.

Waya uliosukwa na nailoni nene hubanwa kwa vibomba vidogo vya chuma. Kibomba kilingane na unene wa uzi.

Na waya wa breki ya baiskeli? Unapatikana kirahisi, lakini katika maji ya chumvi hushika kutu haraka. Waya wa umeme wa shaba ni laini mno, samaki mkubwa ataunyoosha. Usifunge kazi ya kikundi juu ya vitu hivyo.

HESABU YA KIKUNDI

Tuseme mmenunua waya wa mita 10. Kila kipande ni sentimita 60, na kila mwisho unakula sentimita 10 za kusokota. Jumla ni sentimita 80. Mtapata vipande 12, na masalio ya sentimita 40. Vitengenezeni hapa hapa siku ya mkutano, vikunjwe kwa duara pana, vitumwe tayari. Kila jioni huko nyumbani vioshwe kwa maji baridi na kukaushwa. Kilichokunjika kisirudi majini, wala kisitupwe baharini.

Mkumbuke pia msimu. Pwani, wakati wa kaskazi, tangu Novemba hadi Machi, bahari hutulia na vyombo vidogo hufika mbali. Vifaa vifike kabla ya hapo, si katikati.

MASWALI YA KUJADILI

1. Ndugu zetu nyumbani wanavua samaki gani hasa? Tumewauliza, ama tumenunua kwa kubahatisha?
2. Katika daftari letu la vifaa, kipande cha mbele kimeandikwa, ama ni ndoana na chambo tu?
3. Chambo kikipotea, tunauliza kilifungwa na nini kabla ya kumlaumu mtu?

Swali la tatu lijibiwe kwanza. Waya unaweza kununuliwa tena, lakini imani kati ya ndugu wa mjini na wa nyumbani ikikatika, hakuna duka linaloiuza.