Kemikali, Kiambato na Dozi: Istilahi za Mimea ya Tiba

Miongoni mwa maneno yanayoonekana mepesi lakini yakawatatiza wafasiri wetu ni neno "kemikali". Si ajabu kusoma kwenye kibandiko cha chupa ya dawa ya mitishamba maneno haya: "Haina kemikali." Mwandishi alikusudia kusema kwamba hapana kilichoongezwa kutoka kiwandani, alichokisema hasa ni kwamba chupa ni tupu. Maji yenyewe ni kemikali. Na kama mzizi uliochemshwa usingekuwa na kemikali, usingemtibu mtu wala usingemdhuru. Kosa hili si la lugha tu, kwani humfanya msomaji aamini kwamba kitu cha porini hunywewa bila kiasi.

Tuchukue mfano wa Moshono, mashariki ya jiji la Arusha, chini ya Mlima Meru. Wenyeji wa asili wa sehemu hizo ni Waarusha, wasemao Kimaasai, na kwao ni desturi ya zamani kuitia supu ya nyama magome na mizizi. Gome lijulikanalo sana ni la olkiloriti, mti wa jamii ya migunga. Supu yake hukausha ulimi kama ndizi mbichi, na kinachoukausha ni tanini, ambazo hushikamana na protini; kwa sababu hiyo hiyo gome la mti huo hutumika kutengenezea ngozi na kuzuia kuhara. Mimea mingine ya supu hutoa povu, nayo ni kazi ya saponini. Mwalimu asiliogope neno hili geni: limetokana na neno la Kilatini lenye maana ya sabuni, na "sabuni" yetu, iliyotufikia kwa njia ya Kiarabu, ni ya ukoo huo huo.

Hapa hapana budi kutenganisha "mchanganyiko" na "msombo". Supu ni mchanganyiko: maji, mafuta, chumvi na vitu kadha wa kadha vilivyomo pamoja bila kuungana. Msombo, au kampaundi kama wengine wasemavyo, ni elementi zilizoungana kikemia kwa uwiano maalumu. Mfasiri akiandika "mchanganyiko" mahali pa "msombo", mwanafunzi atadhani kwamba tanini huweza kuchambuliwa kwa chujio.

Ama kuhusu majina ya mimea yenyewe, hatari ni kubwa zaidi. Kimaasai kina olamuriaki na kina olmorijoi. Vyote viwili ni vichaka vya familia moja, vina utomvu mweupe, maua yenye harufu nzuri, na matunda yanayoiva kuwa ya zambarau iliyokoza. Olamuriaki ana miiba, matunda yake huliwa, na mizizi yake hutiwa katika supu. Olmorijoi hana miiba. Ndiye msunguti wa Kiswahili, ambao wawindaji huchemsha magome na mbao zake kupata sumu ya mishale. Kiini cha sumu hiyo ni glaikosidi iliyotengwa na Arnaud huko Ufaransa mwaka 1888, na jina lake la kimataifa limetoka katika neno la Kisomali, waabaayo. Tukilitohoa tutapata "wabaini", neno ambalo, kwa bahati, lafanana na agizo kwa wachuma mizizi. Msombo huo ukiingia damuni kwa wingi husimamisha moyo. Na kwa kiasi kidogo sana, madaktari wa Ujerumani waliwadunga wagonjwa wenye moyo dhaifu. Kwa hiyo "dawa" na "sumu" si aina mbili za misombo. Mtu anayetafsiri jina la mmea na aliandike pia jina la kisayansi, hata kama afisa aliyemtuma atalalamika kuwa ukurasa umejaa Kilatini.

Olamuriaki huyo huyo alipata umaarufu mwaka 2011 kwa jina la mugariga, pale maelfu ya watu walipomiminika Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha mchungaji mstaafu Ambilikile Masapila kwa shilingi 500. Katika habari za wakati ule "kutibu" na "kuponya" yalitumika kama neno moja. Sivyo. Kutibu ni kazi ya mganga; kuponya ni matokeo, nayo huhitaji ushahidi. Wako wagonjwa wa UKIMWI walioacha dawa zao za hospitali kwa kuamini wamekwisha pona.

Kwa kile kitendacho kazi ndani ya mmea, wengine huandika "kiambata hai". Sisi twapendelea "kiambato amilifu", kwa kuwa "hai" humfanya msomaji afikirie kijidudu. Artemisia, mmea wa Kichina uliolimwa Arusha katika miaka ya 2000, waonyesha faida ya tofauti hii. Mmea ni artemisia. Kiambato ni artemisinini. Na dawa ni vidonge vilivyopimwa, ambamo kizalia cha artemisinini huunganishwa na dawa nyingine. Vidonge hivyo Watanzania waliviita "dawa mseto", istilahi iliyotoka jikoni na kueleweka mara moja. Chai ya majani yake si dawa mseto: kiasi cha artemisinini hubadilika kikombe hadi kikombe, tena haiyeyuki vizuri katika maji, na Shirika la Afya Duniani halishauri itumiwe kutibu malaria.

Limebaki neno "dozi". Katika vitabu vya madaktari ni kiasi kinywewacho mara moja, lakini wananchi wasemapo "maliza dozi" wamaanisha dawa yote ya siku zote. "Kipimo" nacho kimekwisha tumika kwa uchunguzi wa maabara. Anayeandaa maelezo ya mtishamba na aandike kwa kirefu: "kiasi cha mara moja", "mara ngapi kwa siku", na "kwa siku ngapi", kila kimoja katika mstari wake.