Yoga na Nira ya Maksai wa Bokoli

Ifikapo mwezi wa Machi, wakulima wa Bokoli, katika kaunti ya Bungoma, huwatoa maksai zizini. Wawili hufungwa nira shingoni, plau ikafuata nyuma, na kijana akatangulia mbele kuwaongoza. Maksai mgeni wa kazi huvuta kushoto mwenzake akivuta kulia, na mtaro ukapinda kama nyoka.

Hapo ndipo pa kuanzia, mpenzi msomaji, ukitaka kujua maana ya yoga. Neno hili ni la Kisanskriti, lugha ya kale ya Bara Hindi, na mzizi wake ni "yuj", yaani kuunganisha au kufunga nira.

Je, kinachofungwa ni nini? Katha Upanishad, maandishi yenye umri wa zaidi ya miaka 2,000, huufananisha mwili na gari la kukokotwa. Hisi zetu ndizo farasi, na akili ndiyo hatamu. Baadaye Patanjali aliyapanga mafundisho ya aina hiyo katika Yoga Sutra, semi fupi zisizofika 200. Kwake yoga ni kuituliza akili inayorukaruka. Ajabu ni kwamba mikao ameitaja katika semi chache tu, akitaka mtu akae imara na bila taabu! Kule kujikunja tunakokuona kwenye televisheni kulienea zaidi katika karne ya 20, hasa kupitia wanafunzi wa Krishnamacharya, aliyefundisha mjini Mysore miaka ya 1930.

Sasa binti anarudi nyumbani kutoka chuoni na mkeka kwapani, na mama anauliza, "Umebadili dini?" Swali hilo si la kuchekwa. Yoga ilikulia miongoni mwa Wahindu, Wabudha na Wajaini, na wako walimu wanaoimbisha maneno ya ibada. Binti na amuulize mwalimu wake mapema. Lakini kunyoosha mgongo na kuvuta pumzi polepole, kwa maoni yangu, hakumtoi mtu kanisani wala msikitini. Mjini Nairobi, Africa Yoga Project iliyoanzishwa mwaka 2007 imewafunza vijana wa mitaa ya mabanda, na wengine wao wamepata riziki kwa kufundisha.

Umoja wa Mataifa uliitenga Juni 21 kuwa Siku ya Kimataifa ya Yoga, ikaadhimishwa mara ya kwanza mwaka 2015. Tarehe hiyo huko Bokoli mahindi huwa yamekwisha kupaliliwa, nao maksai wamefunguliwa nira, wanacheua.